Mashada Mawili Ng'ambo ya Reli

Ni mimi niliyechukua yale mashada ya maua. Yalikuwa mawili, moja la maua meupe na moja la njano lenye utepe mweusi. Nimelikana jambo hili kuliko nilivyowahi kukana chochote, na mimi si mgeni wa kukana. Nilikana mbele ya Mefrau, nikimtazama machoni. Nilikana mbele ya mama yangu kwa kiapo, tena cha wallahi. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima mwenye shahada tatu na miwani ya kusomea, nikakana kwa njia ya wasomi: niliandika kurasa mia mbili na ushee kuhusu mahali pale, na maua yale hayakupata hata nusu sentensi.

Kilichonirudisha ni harufu. Niliitwa kwenye kikao Marshalltown, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu, nami nilipanda ngazi nikihema na kujuta vitumbua vya miaka kumi. Nilipofika ukumbini nikapigwa na harufu ya ile dawa nyekundu ya sakafu, ya kopo bapa, inayopakwa kwa kitambaa kisha ikasuguliwa mtu akiwa amepiga magoti. Wa rika langu mliokulia mji huu kwenye vyumba vya uani mnaijua. Kwenu labda ni harufu ya Jumamosi na ya mama zenu. Kwangu ni ya Jumamosi na ya mama yangu pia, lakini ndani yake mna mtu ninayemtakia mabaya.

Mama ni mtu wa Tanga. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alituleta mji huu, akatupangia chumba cha uani mtaa wa Kensington, akatuonyesha duka la mkate na kituo cha treni, kisha akapeleka mabomba Ndola na hadi leo hajarudi. Simlaumu, nasikia barabara ile ina mashimo. Mama akatafuta kazi, akaipata ya usafi kwenye makumbusho madogo kusini mwa jiji. Hapo, zamani za vita vya Waingereza na Makaburu, Waingereza waliweka kambi ya mateso, wakawafungia humo wanawake na watoto wa Makaburu kwenye mahema. Surua na kuhara viliwamaliza, watoto kwanza. Jumamosi nilikwenda naye kazini kwa sababu hakuwa na wa kuniachia. Nilikuwa na miaka tisa.

Msimamizi wa makumbusho tulimwita Mefrau, ambalo kwa watu wa kwao ni kama kusema Bibi. Jina lake kamili ninalo lakini sitalitoa hapa, na huo ndio ustaarabu wa mwisho atakaoupata kwangu. Mama yangu anaitwa Mwanahawa. Mefrau aliona jina hilo ni refu mno kwa mtu wa usafi, akamwita Eva, ndiye Hawa wa kwao.

"Afadhali," mama aliniambia. "Angalau amepatia nusu."

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba moja ndefu ya mabati, baridi kama ndani ya birika asubuhi ya Juni. Kwenye masanduku ya vioo mlikuwa na kijiko, kopo lililotobolewa kuwa taa, viatu vya mtoto vilivyokunjamana kama ndizi kavu, na mwanasesere wa kitambaa aliyefutika uso. Ukuta wa mwisho ulijaa majina, rangi ya dhahabu juu ya mbao nyeusi, kutoka darini mpaka usawa wa magoti yangu. Wageni wakija, Mefrau aliwasimamisha pale akasoma, polepole, kila jina na umri wake: miaka miwili, miezi saba, miaka minne. Alipofika mwisho wa safu alisema, "Watoto wetu," na sauti ikamkatika palepale kila mara, kama redio inayoishiwa betri.

Mimi nilichukulia kwamba ni watoto wake. Wa kumzaa. Sikuona ajabu, nilikuwa nimesikia Tanga kuna mwanamke aliyezaa kumi na saba. Nilijaribu kupiga hesabu ya mimba zake na kila nilipofika safu ya tatu nilichoka. Siku moja nikamuuliza mama kama ni kweli Mefrau amezaa wale wote.

"Usiulize uzazi wa watu," mama akasema, akiendelea kusugua sakafu. Hiyo kwangu ilikuwa ndiyo.

Kwa hiyo nilimwonea huruma Mefrau. Naliandika hili ili ijulikane kwamba nilianza naye kwa wema. Mwanamke aliyezika wanawe wote hao, nilijiambia, ana haki ya kununa. Huruma hiyo ilidumu mpaka siku nilipoweka pua yangu kwenye kioo cha mwanasesere. Nilitaka kuona kama uso wake ulifutwa kwa kubusiwa au kwa panya. Pumzi yangu ikafanya ukungu juu ya kioo. Mefrau akaja, akanisogeza kwa ncha ya kidole kama mtu anayesogeza sahani chafu, akaifuta pumzi yangu kwa kitambaa, kisha akaenda kukiosha kitambaa. Nilimsikia bombani, akikifikicha kwa muda mrefu. Nimetukanwa mara nyingi tangu siku hiyo, na watu wanaojua kutukana. Hakuna aliyefikia lile bomba.

Nyuma ya makumbusho palipita reli, na ng'ambo ya reli palikuwa na uwanda wa nyasi zilizounguzwa, na mbali kidogo vilima vya njano vya mchanga wa machimbo ya dhahabu. Mchana mama alivuka reli na kanga yake ya kuswalia, kwa sababu kule hapakuwa na mtu wa kumkanyagia. Nilimfuata. Jivu la nyasi lilitupaka weusi vifundoni na midomo ilitupasuka kwa ukavu wa hewa. Siku moja, alipotoa salamu, hakuinuka. Alibaki amekaa akitazama chini, kisha akaenda kwa magoti mpaka kwenye jiwe, kutoka hapo mpaka jiwe jingine, akipima kwa shubiri.

"Haya ni makaburi," akasema. "Tazama, jiwe la kichwani, jiwe la miguuni. Na tazama yalivyo mafupi."

Nilitazama. Yalikuwa safu kwa safu, mpaka nyasi zilipoyameza. Tangu siku hiyo mama aliswali pembeni, na akimaliza anafagia. Alitumia ufagio wa makumbusho.

Akamweleza Mefrau. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mefrau, kule ng'ambo kuna watoto."

"Kule kulikuwa na kambi ya Waafrika," Mefrau akasema. "Waliokuwa wakifanya kazi mashambani. Waliletwa pamoja na watu wetu."

"Mbona hawako ukutani?"

"Hakuna aliyewaandika, Eva. Siwezi kusoma jina ambalo halikuandikwa."

Alisema kwa upole kabisa. Nami, kwa akili yangu ya miaka tisa, nikaelewa mambo yalivyokuwa: Mefrau alikuwa na watoto wengine aliowakataa. Kwetu Tanga mambo hayo yapo. Baba anakuwa na watoto wa nyumba kubwa na watoto wa nje, na siku ya mirathi ndipo watu wanapojuana. Hawa wa ng'ambo walikuwa watoto wa nje. Nikajiona nina wajibu.

Ikaja siku ya kumbukumbu. Mabasi yalijaa uani, wanaume wenye kofia mkononi, wanawake wa magauni meusi, nyimbo ndefu za kanisani. Mama alimimina chai kutwa nzima. Mimi niliambiwa nikae jikoni nisionekane, na nikatazama kupitia dirishani wakiweka mashada kwenye mnara, moja juu ya jingine, hadi mnara ukaonekana kama mtu aliyevaa makoti manne. Jumamosi iliyofuata yalikuwa bado yapo, yananuka tamu na kuoza kidogo. Nikachukua mawili. Nilivuka nayo reli nimeyavaa shingoni, nikayalaza juu ya makaburi mawili mafupi kuliko yote. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya haki. Nilifanya ili Mefrau aumie. Nilitaka aje akute pungufu, asijue yamekwenda wapi, na akifuta afute, akiosha aoshe.

Aligundua. Utepe mweusi ulikuwa wa chama cha akina mama fulani wakubwa, na walikuwa wameuulizia.

"Ida," akaniita, mimi ni Mwanaidi. "Umechukua maua?"

"Hapana, Mefrau."

Mama akanivuta kando ya bomba. "Mwanaidi, niambie mimi."

"Si mimi."

"Apa."

"Wallahi."

Mefrau akamwita mama ofisini, akafunga mlango. Nilisikia sauti zao kwa muda, ya Mefrau ikipanda, ya mama ikibaki palepale ilipo. Mama alipotoka alifungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti, akanishika mkono. Tukaondoka. Kituoni alinunua magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, akala mawili palepale, kwa hamu, mafuta yakimtiririka kidevuni. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Nikajua analia kwa siri kwa sababu yangu, nami andazi langu nikalirudisha kwenye karatasi.

Hatukulizungumzia tena. Mama alipata kazi nyingine, kisha nyingine, kisha magoti yakamshinda akarudi Tanga kwa dada zake. Mimi nikabaki na mji huu na ile dhambi, na kwa kuwa dhambi ni nzito kuibeba peke yako, nilimtwisha Mefrau. Nilipokuwa mdogo nilimtakia ukoma. Nilipokuwa kidato cha mwisho nilimtakia upofu, kwa sababu nilikuwa nimesoma mashairi. Chuoni nilipata silaha bora zaidi, tanbihi. Tasnifu yangu ilihusu kambi ile na ukimya wa ng'ambo ya reli, na ndani yake Mefrau yumo mara saba, chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo, kama "msimamizi mmoja". Niliamini nimemkata vipande. Nadhani watu wanne waliisoma tasnifu ile, na mmoja wao ni mimi.

Sasa, Marshalltown. Mbele yangu mezani alikuwa Nomvula, mratibu wa makumbusho yale, binti mchangamfu mwenye faili la rangi ya waridi. Wanajenga chumba kipya, akanieleza, cha waliozikwa ng'ambo. Wanataka mimi niandike maelezo ya ukutani, kwa kuwa ndimi mtu pekee niliyewahi kuandika kuhusu mahali pale.

"Na chumba kitapewa jina la nani?" nikauliza, kwa mazoea tu.

Akalitaja jina la Mefrau. Miaka tisini na moja, akasema, yuko nyumba ya wazee, na ametunza mahali pale maisha yake yote. Akanisogezea barua yake. Mefrau aliandika kwa mkono uliotetemeka kwamba anafurahi, na kwamba kwa masikitiko hakuna orodha ya wale wafu iliyopata kuwepo. Kamati ilitaka sentensi yangu ya kwanza iseme hivyo: majina yao hayakuandikwa.

"Bibi yangu alikuwa na shangazi pale," Nomvula akasema. "Mtoto mdogo. Nyumbani tunamwita tu yule wa kambini. Kwa hiyo najua. Lakini eish, dada, nifanye nini? Bila orodha nitaweka ukuta mtupu."

Nilikubali kazi ile papo hapo, kwa haraka isiyo ya kitaaluma. Nyumbani niliandika ukurasa mmoja wa sumu. Kwamba mwanamke huyu alimfukuza kazi mama Mwislamu kutoka Tanga kwa kosa la kuwapelekea wafu weusi mashada mawili. Ulikuwa ukurasa mzuri. Niliusoma kwa sauti jikoni nikiwa nimesimama. Tatizo lilikuwa moja: mama hakupeleka maua. Aliyepeleka ni mtoto mwongo, na mama alibebeshwa kwa sababu mtoto yule aliapa. Ili nimchome Mefrau ilinibidi nipite kwanza mimi mwenyewe kwenye moto, na mimi sijazoea kutangulia.

Alhamisi walimleta Mefrau kukiona chumba, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumwona ameharibika. Alikuwa mdogo tu, na macho makavu kama zamani.

"Wewe ni nani?"

"Mtoto wa Eva."

"Eva alikuwa msafi," akasema. "Sijapata tena mtu aliyejua kioo kama yule. Lakini aliniibia."

"Alikuibia nini?"

"Anajua."

Nomvula akacheka kwa aibu. "Gogo," akasema, ambalo kwao ni bibi, "hayo mambo ya zamani."

"Ya zamani ndiyo kazi yangu," Mefrau akasema, akaomba arudishwe garini.

Miaka yote ile, na bado alikuwa anamwita mama mwizi kwa maua yangu. Maelezo yalitakiwa kwa mchapaji kesho yake mchana. Nilikaa ndani ya gari langu kando ya reli, injini imezimwa, nikampigia mama.

"Mwanaidi," akaitika. "Kwema? Mbona unapiga saa ya kupika?"

Nikamwambia. Nilimwambia bila kupamba, ambayo kwangu ni kazi kubwa. Kwamba yale mashada nilichukua mimi, kwamba niliapa uongo, kwamba alifukuzwa kazi kwa ajili yangu na nimeishi nalo.

Nikasikia kitu kikikaangwa.

"Mashada gani?" akasema.

"Ya maua, mama. Ya Mefrau. Yaliyokufukuzisha kazi."

"Mimi nilifukuzwa kwa maua?" Akaanza kucheka, cheko la polepole la kutoka tumboni. "Wewe umesoma mpaka wapi, mwanangu? Ya maua alinisema maneno mawili yakaisha. Nilifukuzwa kwa kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha watoto wa ng'ambo."

Akanieleza huku akipunguza moto. Alikikuta stoo, kimewekwa chini ya mguu wa kabati lisiyumbe. Jalada jeusi, wino uliofifia, majina safu kwa safu, na umri, na namba za mahema. Akampelekea Mefrau kwa mikono miwili, akidhani anampa habari njema. Mefrau akakifungua, akakisoma kidogo, akarudi nacho stoo akakirudisha chini ya mguu ule ule. Akasema, Eva, kabati hilo linayumba.

"Basi nikaleta tofali," mama akasema. "Nikaweka tofali chini ya kabati, nikachukua kitabu. Halikuyumba. Alipogundua akaniita ofisini akitaka nikirudishe. Nikamwambia aite polisi, awaeleze kimeibwa kitabu gani. Angewaambia nini, na amekwisha kuwaapia watu kwamba hakipo? Kilikuwa tumboni mwangu muda wote, nimekifunga kwa kanga. Kile kitu kilikuwa kinanichoma mbavu, na pale kituoni nilicheka mpaka nikaona nitakiangusha."

"Kiko wapi sasa?"

"Sandukuni. Kila Shaaban tukisoma hitima nampa maalimu karatasi ya marehemu wetu, na chini naongeza ishirini kutoka humo. Mwaka wa kwanza aliniuliza, Bi Mwanahawa, huyu Jantjie, huyu Salmina, ni wa kwenu? Nikamwambia ni wa kwetu."

"Mama, hawakuwa Waislamu."

"Walikuwa watoto. Na mwenye kuwasomea ukutani hakuwasomea."

"Mimi nimeandika kitabu kizima nikisema majina hayapo. Ulinitazama nikiandika. Nilikuja mpaka Tanga na kinasa sauti."

"Ulikuja ukaniuliza nilijisikiaje. Siku tatu, ulijisikiaje mama, ulijisikiaje. Hukuniuliza nilichukua nini." Akafunika sufuria. "Na ningempa nani? Kila aliyefika pale alikuwa mgeni wake."

"Wapo watu wanaoyatafuta majina hayo. Yupo binti hapa, shangazi ya bibi yake yumo humo. Wanamwita yule wa kambini."

Nikamsikia akizima jiko. Nilisikia pumzi yake.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Nilijua nina chuki na yule mwanamke. Sikufikiri kwamba nimewafungia na wenyewe. Yeye yu hai?"

"Yu hai. Wanataka kukipa chumba jina lake."

"Masikio?"

"Anasikia kuliko mimi."

"Alhamdulillahi. Kitabu usiagize kwa mtu, wala usimwambie yeyote kwamba kipo, ila huyo binti peke yake. Mwambie amlete yule mwanamke siku ya ufunguzi, amkalishe mbele kabisa, chini ya hilo jina lake. Nitasoma mwenyewe. Jina na umri, jina na umri, kama alivyokuwa anawasomea wageni wake. Asiondolewe mpaka nimalize."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliikata sentensi ya kwanza ya kamati kwa mstari mmoja, kisha mwingine, mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama, magoti yako."

"Nitasoma nimekaa. Nikatie tiketi, Mwanaidi. Ya kuja tu. Ya kurudi niachie wazi, maana kitabu chenyewe ni kinene."